Shajara ya Kobe: kutafuta mafuta yanakokwama

Kobe ni Volkswagen Beetle 1300 ya mwaka 1969: injini nyuma, tangi mbele, kabureta moja ya Solex. Alikuwa wa marehemu mjomba wangu. Mjomba alikuwa kijana mdogo mwaka 1962, Volkswagen ya Tommy Fjastad iliposhinda Safari Rally, enzi zile mbio zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na tangu hapo hakutaka kusikia habari za gari jingine. Alipofariki, Kobe alikaa miaka sita chini ya mwembe hapa Tanga. Mwaka jana nikaanza kumfufua: breki, betri, matairi, oili, plagi, pointi. Desemba akawaka.

Hii ni shajara ya ugonjwa uliobaki. Naiandika kwa urefu kwa sababu kila niliyemwuliza alinitajia kifaa cha kununua, na hakuna aliyenitajia kipimo cha kufanya.

Jumamosi, 4 Januari 2025

Asubuhi amewaka kwa stata moja. Sailensa (mwendo wa injini bila kukanyaga mafuta) imetulia, haimisi. Tumetoka na mwanangu kuelekea Muheza, kama kilomita 35. Tulipopita Pongwe, mwendo kati ya 70 na 80, akaanza kushtuka. Nikikanyaga zaidi, anazidi kuregea; nikiinua mguu, anapata nafuu kidogo. Mita mia chache mbele akazima kabisa.

Tukakaa dakika kumi kivulini. Akawaka kana kwamba hakuna lililotokea. Kilomita nne, akazima tena. Dakika kumi, akawaka. Mara ya tatu nikageuza, tukarudi nyumbani polepole, mwendo wa 40, na njia nzima hakuzima hata mara moja.

Jioni nimepokea ushauri wa bure. Fundi wa kwanza: koili, kile kifaa kinachotoa umeme wa cheche za plagi. Wa pili: badilisha kabureta nzima, na bahati nzuri anayo moja ya kuniuzia. Jirani: petroli chafu. Wote wanaweza kuwa sahihi, ndiyo maana sinunui kitu leo.

Hisia yangu ni mafuta. Umeme ukikatika, gari huzima ghafla kama taa. Mafuta yakipungua, huzima kama mtu anayeishiwa pumzi: linashtuka, linaregea, linaomba umpunguzie mzigo. Ila kondensa au koili inayochoka kwa joto huweza kuiga dalili hizo, na kupumzika dakika kumi huiponya vilevile. Kwa hiyo hisia haitoshi.

Jumapili, 5 Januari

Leo nimeenda kutafuta ushahidi. Barabara ileile, saa ileile, kizimamoto nyuma ya kiti. Alipoanza kufa, sikumsubiri azime mwenyewe. Nilikanyaga klachi, nikazima swichi papo hapo na kumwegesha pembeni, ili nimkute katika hali ileile iliyomwua.

Nikaondoa kisafisha hewa (Beetle za wakati huo zina kile cha oili, kinamwagika ukikiinamisha) na kuchungulia koo la kabureta. Kisha nikavuta mkono wa mafuta kwa kidole. Kabureta yenye mafuta hurusha mchirizi mwembamba wa petroli kila unapovuta, kwa sababu ya pampu yake ndogo ya kuongezea kasi. Nikavuta mara tano. Hakuna mchirizi, hakuna hata unyevu.

Mwanangu akapiga stata huku nikiwa nimeshika waya wa plagi kwa koleo lenye mpira, mbali na kabureta. Cheche ya buluu, nzito, inasikika. Koili iko huru.

Bado ingewezekana sindano ya boya imekwama na kuzuia mafuta mlangoni pa bakuli. Nikachomoa mpira unaoingia kwenye kabureta, nikauelekeza kwenye chupa, nikatenganisha waya wa koili na kupiga stata. Yalitoka matone, hata si mkondo. Basi kabureta haizuii kitu, haijaletewa. Aliyekuwa ananiuzia kabureta angenilaza njaa, na tatizo lingebaki palepale.

Nimechora njia yote ya mafuta nyuma ya daftari la mwanangu. Tangi mbele, chini ya boneti. Ndani ya tangi, mdomoni pa kutokea, chujio dogo la wavu wa shaba. Kipande cha mpira. Bomba la chuma linalopita ndani ya ule mgongo wa katikati ya sakafu, kutoka mbele hadi nyuma. Kipande kingine cha mpira karibu na giaboksi. Pampu ya mafuta, inayosukumwa na kijiti kutoka ndani ya injini. Mpira wa mwisho. Kabureta. Mafuta yamekwama mahali fulani kwenye mstari huo, na mstari unakatika vipandevipande: kila kiungo ni mahali pa kupimia.

Jumamosi, 11 Januari

Siku ya vipimo. Nimemwalika Babu, fundi aliyekuwa akimtengenezea mjomba gari hili tangu sijazaliwa. Ameacha kazi, macho yamepungua, lakini masikio yake bado yanajua injini.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Waambaje, mwanangu? Umeshanunua pampu?"

"Bado."

"Vyema. Usinunue hadi ikuonyeshe ubovu wake."

Akanieleza jambo ambalo nimefurahi kulijua kabla ya kutoa pesa. Pampu za Beetle si moja. Injini zenye dinamo, kama ya Kobe, hutumia kijiti cha milimita 108. Zile za baadaye zenye altaneta hutumia cha milimita 100, na pampu yake ni nyingine. Mtu akichanganya, pampu mpya inavunjika au haisukumi. Kijiti kikiwa kimejitokeza hadi mwisho, kinapaswa kusimama milimita 13 juu ya kitako chake, gasketi zikiwemo. Chetu tumekipima: 13 na ushei mdogo usiosomeka kwa rula yangu.

Pia akanusa kijiti cha oili. Dayaframu ya pampu (utando wake wa ndani) ikipasuka, petroli hushuka ndani ya injini. Oili hunuka na kina chake hupanda. Oili yetu inanuka oili tu.

Kisha kipimo chenyewe. Nilitaka injini izunguke huku pampu ikimwaga kwenye jagi, na injini haiwezi kuzunguka bila mafuta. Babu akasema tumwekee dripu. Tukaning'iniza chupa ya nusu lita juu, nje ya boneti ya nyuma, mpira mwembamba ukashuka hadi kwenye kabureta. Kobe akawaka kwa mafuta ya dripu, na mpira wa pampu tukauelekeza kwenye jagi lililowekwa chini, mbali na distributa, inayogawa umeme wa plagi, na mbali na bomba la moshi. Kizimamoto mkononi mwa mtu wa tatu ambaye hakuwa na kazi nyingine. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini hadi ukutane na cheche. Asiye na wasaidizi wawili asifanye kipimo hiki.

Resi tukaishika juu kidogo ya sailensa, mwanangu akiwa na saa ya simu, kila sekunde 30 tunasoma jagi:

Mara ya kwanza mililita 145. Ya pili 90. Ya tatu 55. Ya nne 35.

Nimezitazama namba hizi usiku kucha. Kobe anakula takriban lita 9 kwa kilomita 100. Kwa mwendo wa 80 hiyo ni kama lita 7.2 kwa saa, yaani mililita 120 kwa dakika, 60 kwa kila nusu dakika. Kwenye kipimo cha tatu tayari alikuwa chini ya mahitaji yake. Kwa mwendo wa 40 anahitaji chini ya nusu ya hapo, ndiyo maana alirudi nyumbani bila kuzima. Bakuli la kabureta nalo ni kama kikombe cha kahawa, likiacha kujazwa haliwezi kumvusha mbali.

Lakini lililonikalia akilini zaidi ni jinsi namba zinavyoshuka. Pampu iliyochoka hutoa kidogo tangu mwanzo na huendelea kutoa kidogo hichohicho. Hii inaanza vizuri kisha inapungua, kama mtu anayenyonya kwa mrija ulioziba.

Tukahakikisha kabla ya kufunga. Mpira unaoingia kwenye pampu tukauchomoa upande wa bomba na kuutumbukiza kwenye dumu safi chini, pembeni ya gurudumu. Kipimo kilekile: 150, 150, 145, 150.

Pampu ni nzima. Tena ilikuwa inavuta kutoka chini, kazi ngumu zaidi kuliko kuvuta kutoka tangini. Babu akafuta mikono, akasema, "Sasa nenda mbele." Tatizo liko kati ya tangi na mgongo wa sakafu.

Jumapili, 12 Januari

Sikukuu ya Mapinduzi, nipo nyumbani.

Nimeanza na lililo rahisi. Lita moja ya petroli ikitoka tangini, lita moja ya hewa lazima iingie. Isipoingia, tangi linajivuta lenyewe na pampu inashindana nalo. Tangi likiwa limejaa ni mbaya zaidi, kwa sababu hewa iliyomo ni kidogo na mvuto unajengeka haraka. Nami nilikuwa nimejaza kabla ya safari zote mbili.

Tulimzungusha kama jana, kisha nikafungua kifuniko cha tangi taratibu, sikio karibu. Fyuuu, hewa ikaingia. Mwanangu aliisikia akiwa mita mbili.

Mrija wa kupumulia tangi nilipouchomoa na kuupuliza, haukupitisha kitu. Nikachokoa kwa waya, ukatoka udongo mkavu, vidonge vidogo vya kijivu. Nyigu wa udongo! Miaka sita chini ya mwembe, wamejenga nyumba na kuhama. Nimeusafisha, na mdomoni nimeufunga kipande cha wavu ili wasirudi.

Vipimo baada ya hapo: 150, 130, 95, 70. Nafuu kubwa, lakini bado zinashuka. Jioni tumejaribu barabara: amefika karibu na Muheza kabla ya kushtuka. Nimeandika hapa kwa herufi kubwa ili nisijidanganye: KUPUNGUA SI KUPONA.

Jumamosi, 18 Januari, na siku zilizofuata

Tangi limetoka. Kwenye Beetle si kazi kubwa: vibano vinne vyenye bolti, waya wa geji, mpira wa kujazia, mpira wa chini. Kabla ya yote nilimimina petroli iliyobaki kwenye madumu, nje, kivulini, betri ikiwa imechomolewa.

Kile chujio cha shaba kilipotoka, tulinyamaza. Kimevishwa koti la kutu laini na utomvu wa petroli iliyolala, kama mashapo ya kahawa chini ya kikombe. Nuru haipiti. Sakafuni mwa tangi, mashapo yaleyale, kidole kizima.

Na hapa ndipo lile fumbo la dakika kumi lilipofunguka. Nilijiuliza tangu siku ya kwanza: kama kuna kitu kimeziba, kwa nini kupumzika kunakiponya? Jibu ni kwamba uchafu huu hauna gundi. Pampu inapovuta, mkondo unaubeba na kuukandamiza kwenye wavu. Gari likizima, mkondo unakufa, na uchafu unadondoka polepole hadi chini. Njia inafunguka, gari linawaka, na baada ya kilomita chache umeshapanda tena wavuni. Joto halikuhusika kabisa, ingawa kila mtu aliitaja kaskazi na jua la Januari.

Kusafisha kumechukua siku tatu. Kwanza nimesuuza kwa maji mengi na sabuni hadi harufu ikapungua. Kisha mnyororo mwembamba na kokoto za pwani zilizooshwa, tunatikisa tangi kwa zamu. Halafu siki, tangi tele, usiku mbili. Siki inakula kutu, ila ikiachwa itakula na chuma, basi nikaituliza kwa maji ya magadi na kusuuza tena. Kukausha ndiko kunakotaka haraka: hewa ya Tanga ina chumvi, na chuma kilichotoka kwenye siki kinaanza kupata rangi ya chungwa ndani ya saa chache. Kompresa, jua kali, kisha mara moja petroli iliyochanganywa na oili kidogo, nikalizungusha tangi hadi kila pembe ikalowa.

Kijana mmoja alipendekeza lichomelewe kiraka kwenye kona yenye kutu ya nje. Nimekataa. Tangi tupu la petroli ni hatari kuliko lililojaa, kwa sababu lililomo ni mvuke, na mvuke ndio unaolipuka. Kona ile nimeisugua msasa na kuipaka rangi; haijatoboka.

Bomba la mgongoni nimelipuliza kwa kompresa kutoka nyuma kwenda mbele, ncha zote mbili zikiwa zimechomolewa. Asiyechomoa pampu atapasua dayaframu. Limetema vumbi jekundu, kisha hewa safi. Nililiogopa hili bomba kuliko kitu chochote, maana likioza ndani ya mgongo huwezi kuliona. Nimeziba ncha moja, nikapampu kidogo kwa pampu ya baiskeli upande wa pili, tukasikiliza dakika tano. Limeshika.

Jumamosi, 25 Januari

Tangi limerudi, chujio la shaba limesafishwa, gasketi mpya. Nimeongeza chujio la nje la bei ndogo, na nimeliweka mbele, chini ya tangi. Wengi huliweka nyuma juu ya injini kwa kuwa ndipo mkono unapofika. Mimi sipendi plastiki iliyojaa petroli ikining'inia juu ya distributa.

Vipimo: 150, 150, 150, 145.

Muheza na kurudi, mwendo wa 80, bila kushtuka hata mara moja. Mke wangu aliyekuwa amegoma kupanda amepanda.

Jumamosi, 1 Februari

Tumeenda Lushoto. Kupanda kutoka Mombo, kilomita 33 za kona, Kobe amepanda kwa gia ya pili na ya tatu bila kulalamika, tukapita Soni, tukafika. Chai, viazi, hewa baridi.

Kurudi ndiko kulikonishangaza. Tukiwa tunashuka, tangi chini ya robo, kila nilipokanyaga mafuta baada ya mteremko mrefu alikohoa mara mbili tatu kisha akashika. Hakuzima. Lakini alikohoa.

Mtu wa kwanza niliyemsimulia akasema mafuta yamechemka kwenye mpira kwa joto la injini. Hilo hutokea kweli, na zaidi kwenye Beetle ambayo raba za kuzunguka injini zimetoka, maana hewa ya moto ya chini hupanda. Raba za Kobe zimekatikakatika. Ila kama ni joto, angekohoa tukipanda, injini ikifanya kazi kwa nguvu zote. Amekohoa tukishuka, injini ikiwa imepumzika.

Nikafikiria umbo la gari. Tangi liko mbele, pampu nyuma. Akipanda mlima, pua iko juu, mafuta yanateremkia pampu yenyewe. Akishuka, pampu iko juu ya tangi na lazima ivute. Tangi likiwa karibu tupu, inavuta kwa nguvu zaidi. Na palipo na ufa mdogo upande wa kuvuta, hewa itaingia kabla ya mafuta. Ufa wa upande huo unaweza usidondoshe hata tone, kwa sababu wakati wa kazi unavuta ndani badala ya kumwaga nje.

Jumapili, 2 Februari

Alfajiri, injini baridi kabisa, ili nilitoe joto kwenye kesi. Nimemwegesha kwenye mteremko, pua chini, mafuta yaleyale ya chini ya robo. Kabla ya pampu nimeweka kwa muda kipande cha mpira unaong'aa. Nimewasha, nikashika resi.

Mapovu. Madogo, mfululizo, kama soda iliyofunguliwa.

Nimemgeuza pua juu. Mapovu yakaisha ndani ya dakika moja. Nikamrudisha pua chini, yakarudi.

Mhalifu ni kipande cha mwisho kabla ya pampu, mpira wa zamani uliovishwa kitambaa. Kwa nje kitambaa ni kizima. Nilipoukunja, mpira wa ndani ulionyesha nyufa mduara mzima, na mwisho wake ulioingia kwenye pampu ulikuwa umeregea hata unazunguka kwa vidole viwili. Nimebadilisha mipira yote mitatu, ya milimita 5 kwa ndani, na kila mwisho nimefunga klipu. Pia nimekagua kile kijibomba cha shaba kinachoingiza mafuta kwenye kabureta. Baadhi ya kabureta hizi hukiachia kikachomoka gari likiwa linatembea, na petroli ikamwagikia injini ya moto. Chetu kimekaza.

Pua chini, resi juu, dakika tano: hakuna povu hata moja.

Jumamosi, 22 Februari

Tanga, Lushoto, Tanga, siku moja. Nimeacha tangi lishuke hadi chini ya robo kwa makusudi kabla ya kuanza kuteremka. Nimekanyaga kila mwisho wa mteremko. Hakukohoa. Raba za kuzunguka injini nazo ni mpya, kwa sababu joto lile bado ni adui hata kama safari hii halikuwa na hatia.

Nimepita kwa Babu kumpelekea karatasi ya vipimo. Nilimsomea namba zote, tangu ile 35 hadi 145 ya mwisho. Akaomba nimsomee tena zile za dumu.

Nimefungua chujio la nje: chembe chache za kutu, si zaidi ya punje kumi. Nitalifungua tena baada ya kilomita 500. Kazi inayofuata ni breki ya nyuma kushoto, silinda yake imeanza kutoka jasho.